Mtoto Alikombolewa. Mama Yake Je?

"Mtoto alikombolewa na mapadri." Ukisoma historia ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge upande wa Burundi, ushuke Ujiji, uendelee kusini hadi Karema, sentensi hii utakutana nayo kila baada ya kurasa chache. Ni sentensi iliyotulia. Ina mtoto, ina mwokozi, ina tendo jema. Ukiisoma haraka unapita. Ukiisoma taratibu unagundua imeanzia katikati ya stori. Kabla ya kukombolewa alikuwa mikononi mwa nani? Na kabla ya huyo? Kuna mwanamke alimbeba tumboni, akamnyonyesha, akampa jina. Yuko wapi?

Mimi ni mwandishi wa habari, nafanya kazi Kigoma, na kazi hii humfanya mtu awe mgomvi wa sentensi: nani kafanya nini, kamfanyia nani, lini. Miezi ya karibuni nimekuwa nasoma vitabu na masimulizi ya watoto waliolelewa na wasiowazaa. Watoto wa misheni, watoto wa rehani, watoto waliozaliwa kwenye nyumba za masista kule Ireland, machotara wa Kongo ya Wabelgiji. Vyote nimevisoma kwa swali moja, na ndilo ninalotaka kukuachia: mama yuko wapi kwenye sentensi? Naamini swali hilo linatosha kutenganisha kitabu kinachomtazama mtoto na kitabu kinachomtazama aliyemchukua.

Rumonge, 1881

Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Ujiji Januari 1879. Ujiji ya wakati ule ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani na mlango wa kuvukia kwenda Manyema. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watu pia. Shirika lao lilianzishwa Algeria mwaka 1868, wakati Lavigerie anakusanya mayatima wa njaa kubwa iliyoipiga nchi ile, kwa hiyo walikuja ziwani na mpango walioujua tayari: kukomboa watoto, kuwalea, kuwafundisha dini na kazi, kisha kuwaozesha wao kwa wao ili vijiji vya Wakristo vianzie hapo. Mwaka huohuo wa 1879 wakafungua kituo Rumonge.

Tarehe 4 Mei 1881 mapadri wawili, Deniaud na Augier, waliuawa Rumonge pamoja na D'Hoop, mlei aliyekuwa akiwasaidia. Ugomvi ulikuwa juu ya mtoto. Misheni ilikuwa imemkomboa, watu wa pale wakamchukua, mapadri wakataka arudishwe. Wakafa watu.

Masimulizi niliyoyasoma yanawataja marehemu watatu kwa majina yao, na ni haki yao. Mtoto ni "mtoto" tu. Waliomchukua ni "wenyeji". Na sababu ya kumchukua inahesabiwa kuwa haihitaji kuulizwa: ni ukatili, basi. Inawezekana kweli walitaka kumuuza tena. Inawezekana pia kuna mtu pale alimtambua. Msimulizi hakuona haja ya kuziweka njia hizo mbili mezani, maana kwenye hesabu yake mtoto akishalipiwa ameshapata kwao. Malipo yamefuta yaliyotangulia.

Mtu asinielewe vibaya. Siandiki kuwasuta wamisionari kutoka kwenye kiti cha starehe cha leo. Mtoto aliyekuwa sokoni Ujiji, ambaye mama yake labda amekufa njiani au yuko mwendo wa miezi huko Manyema, alikuwa na machaguo machache sana, na misheni ilikuwa mojawapo ya yale mazuri. Mfano tunaoujua vizuri ni Adrian Atiman. Alitekwa akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Hapo alitibu watu hadi uzeeni na kufa mwaka 1956. Na alipata jambo ambalo wakombolewa wengi hawakulipata: alieleza maisha yake mwenyewe, yakachapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Ninachosema ni kwamba Atiman mmoja anayezungumza hawezi kuwasemea watoto wote walionyamaza, na shukrani ya mtoto kwa aliyemlea haiwezi kutumika kama risiti ya kwamba mama yake hakuwa na dai.

Swema na mama yake

Ukitaka kuona mama akijipenyeza kwenye hadithi ambayo haikuandikwa kwa ajili yake, soma simulizi la Swema. Swema alikuwa binti wa Kiyao. Padri Horner wa misheni ya Zanzibar aliandika habari zake katika miaka ya 1860, na Monsinyori Gaume akazitoa kitabu kwa Kifaransa mwaka 1870. Mwanahistoria Edward Alpers alizirudisha mbele ya wasomaji mwaka 1983, pamoja na tahadhari ya kutosha kuhusu mkono wa nani ulioshika kalamu.

Stori yenyewe ni ya deni. Baba amekufa, mavuno yameharibika, mama amekopa nafaka kwa jirani, hana cha kulipa. Mdai anamchukua Swema na kumuuza kwa msafara. Hapa mwandishi wa kawaida wa misheni angemwacha mama mlangoni analia, sisi tuendelee na safari. Lakini mama wa Swema hakubaki mlangoni. Aliomba afuatane na msafara, akubali kubeba mzigo, ili asitengane na mwanawe. Akatembea mpaka nguvu zikamwishia, akaachwa njiani, na Swema akavutwa kwa nguvu kutoka kwake.

Kitabu kinaendelea. Swema anafika Zanzibar akiwa nusu mfu, anazikwa akiwa hai, anafukuliwa, anapelekwa kwa masista, anapona, anabatizwa, na mwisho anamsamehe mtu aliyewatesa. Huo mwisho umenyooka mno. Unasikia kabisa sauti ya mchangishaji anayezungumza na waumini wa Ufaransa. Mimi, hata hivyo, sikuweza kutoka pale njiani. Yule mama anayeomba kubebeshwa mzigo hakuwa na faida yoyote kwa mchangishaji. Yumo kwa sababu Swema alimkumbuka na hakukubali kusimulia bila yeye. Hilo ndilo linalofanya kurasa zile ziishi hadi leo, ingawa sehemu nyingine zimechuja.

Deni la baba

Kutoka Swema hadi Paradise ya Abdulrazak Gurnah ni hatua fupi kuliko inavyoonekana, kwa sababu na hii ni hadithi ya deni. Riwaya ilitoka 1994, na tangu 2022 tunayo kwa Kiswahili kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapokabidhiwa kwa tajiri Aziz, kwa sababu baba yake hawezi kulipa anachodaiwa. Baadaye anafuatana na msafara wa Aziz kuelekea bara, wanavuka ziwa ambalo msomaji wa Kigoma hashindwi kulitambua, na wanaingia nchi ya Chatu, ambako biashara inawageukia.

Yusuf alikuwa akimwita Aziz kwa jina la ujamaa, na Khalil, mvulana mwenzake aliyewekwa rehani kabla yake, anamkatiza: huyu si ndugu yako. Kiingereza kina neno moja tu kwa kaka wa mama na kaka wa baba, na kwa mgeni yeyote unayemheshimu. Sisi tunadai upande. Mjomba ni wa mama. Ami au baba mdogo ni wa baba. Kwa msomaji wa Kiswahili, uongo wa Aziz unauma zaidi, maana neno lolote utakalompa linamtaja mzazi fulani kama dhamana. Ujamaa umegeuzwa kuwa stakabadhi.

Halafu yupo Amina. Khalil anamwita dada, lakini hawakuzaliwa pamoja. Baba yake Khalil alimwokoa akiwa mtoto mikononi mwa watekaji, akamchukua nyumbani na kumlea kama bintiye. Ni tendo jema hasa, mfano wa ulezi tunaousifu kila siku. Kisha deni likambana, akamtoa Amina pamoja na Khalil kwa tajiri, na mwishowe Amina akawa mke wa tajiri huyohuyo. Hapa Gurnah ni bingwa. Anaonyesha kwamba mtoto aliyeokolewa bila kurudishiwa kwao anabaki kuwa kitu kinachoweza kutolewa. Mwokozi wake alimpenda, na bado alipotafuta cha kulipia, yeye pia alikuwamo.

Nina malalamiko moja. Gurnah anamjua mtoto na anamjua baba mwenye deni hadi kwenye mifupa. Akina mama anawapa nusu. Mama yake Yusuf tunamwona mwanzoni, kisha anabaki katika kumbukumbu. Aliyemzaa Amina hapati jina wala nafasi ya kusimama kwenye ukurasa. Unaweza kusema huo ndio ukweli wa nyakati zile, na riwaya inatuachia pengo makusudi. Nakubali nusu. Lakini Swema, binti aliyesimulia kupitia kalamu ya padri, aliweza kumwingiza mama yake. Riwaya iliyoandikwa miaka zaidi ya mia moja baadaye ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

Swali la kwanza la binti

Ndiyo maana nilifurahi kukutana na Small Things Like These ya Claire Keegan, kitabu chembamba cha 2021. Tuko mbali na ziwa sasa: mji wa New Ross, Ireland, kuelekea Krismasi ya 1985. Bill Furlong anauza makaa ya mawe. Anapeleka mzigo kwenye nyumba ya watawa na kumkuta binti amefungiwa kwenye banda la makaa. Na jambo la mwanzo binti analotaka aulizwe kwa niaba yake ni mtoto wake mchanga, aliyechukuliwa. Angeweza kuomba blanketi au chakula. Anaomba habari za mtoto.

Nyuma ya kitabu hiki iko historia ya kweli. Tume ya uchunguzi ya Ireland ilitoa ripoti yake ya mwisho Januari 2021. Katika taasisi 18 ilizochunguza, kati ya 1922 na 1998, watoto wapatao 9,000 walikufa. Mabinti waliopata mimba nje ya ndoa walifichwa humo, wakazaa, na wengi wakaondoka mikono mitupu huku watoto wao wakiasiliwa na familia nyingine. Serikali iliomba radhi. Keegan hakuandika ripoti. Aliandika mtu mmoja anayejiuliza kwa nini yeye hakuishia humo. Furlong mwenyewe ni mtoto wa mama asiyeolewa, mtumishi wa nyumbani, ambaye mwajiri wake hakumfukuza. Tofauti yote kati ya maisha yake na ya yule binti bandani ni kwamba mama yake aliachwa abaki na mwanawe. Hiyo ndiyo hoja, na haikuhitaji hotuba.

Yatima wa makaratasi

Turudi ng'ambo yetu. Wabelgiji walitawala Kongo na Ruanda-Urundi, yaani pande mbili za ziwa zinazotutazama, na bandari hapahapa Kigoma walikuwa na eneo lao kwa mkataba wa 1921. Katika utawala wao, watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu walihesabiwa kuwa tatizo. Wengi walichukuliwa kwa mama zao na kupelekwa misheni, kama Katende kule Kasai, au Save kule Rwanda. Save wapo waliosafirishwa hadi Ubelgiji uhuru ulipokaribia.

Mwaka 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni. Wanawake watano waliolelewa Katende hawakuridhika na maneno. Wakaishtaki serikali ya Ubelgiji, wakashindwa mwaka 2021, wakakata rufaa. Desemba 2, 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikaamua kwamba kule kuwachukua ni uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Unaweza kuuliza hukumu ya mahakama inatafuta nini katika makala ya uhakiki wa vitabu. Kwangu mimi ndiyo simulizi lililokamilisha sentensi niliyoanza nayo. Kwa Ujiji ya 1879 unaweza kusema hakuna aliyejua mama alipo. Kwa machotara hawa mama alijulikana, alikuwa hai, alikuwa kijijini, na mara nyingi alikuwa amesimama pale mtoto anapochukuliwa. Hawakuwa yatima. Walifanywa yatima na karatasi. Wazee hawa watano, wote wamepita miaka sabini, waliilazimisha mahakama iandike kitenzi chenye mtendaji: serikali iliwachukua. Baada ya hapo mtu hawezi tena kusema "walipokelewa na masista" na kuishia hapo.

Na huku kwetu?

Hatukuwa na nyumba kama zile za Ireland. Tusijipongeze haraka. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka kwamba msichana aliyezaa hatarudi shule ya serikali, na utaratibu wa kuwafukuza ulikuwepo muda mrefu kabla ya tamko. Mlango ulifunguliwa tena Novemba 2021. Katikati hapo, mtoto wa msichana alikwenda wapi? Mara nyingi alikwenda kwa bibi. Akakua akimwita bibi mama, na mama dada. Hiyo ndiyo kuasili kwetu, haina faili wala hakimu, na kila ukoo unayo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mahakama, na inataka ridhaa ya mzazi. Ndani ya nyumba ridhaa ya binti wa miaka kumi na sita huombwa na nani?

Lugha yetu inasaidia kuficha. Tunasema "kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana", na ni kweli ulezi ni kazi, lakini methali hiyo huwa inatolewa mfukoni pale tu tunapotaka aliyebeba mimba anyamaze. Tunasema "kituo cha yatima" wakati baadhi ya waliomo wana mama, tena wanaojulikana wanapokaa. Magazetini tuna tanzu yetu kabisa: mama katili, kichanga, na msamaria mwema. Kichanga "kimeokotwa", msamaria ana jina na picha, mama "anasakwa". Baba hayumo hata kama kiambishi. Ni sentensi ileile ya Rumonge, imebadilisha karne tu.

Upo upande wa pili wa lugha hiihii, nao ni wa kushikilia. Watu wa pwani wana msemo kwamba kitanda hakizai haramu. Mtoto akizaliwa, amezaliwa. Mambo ya watu wazima yasimwangukie. Nadhani hapo ndipo riwaya ya Kiswahili ninayoisubiri ingeweza kuanzia. Ninasubiri riwaya ya Kigoma: ya nyumba moja Ujiji au Mwanga ambamo watatu wanakaa chini ya paa moja, bibi anayeitwa mama, mama anayeitwa dada, na mtoto ambaye ameanza kuhesabu miaka na hesabu haimkubalii. Haihitaji msafara wala mtawa mkali. Inahitaji mwandishi ambaye, anapofika kwenye ile sentensi tamu ya mtoto kulelewa vizuri, ataweka kalamu chini na kumuuliza dada.

Mpaka itoke, someni Peponi. Someni Keegan, na aliyebobea aifanyie haki kwa kuitafsiri. Lifuateni simulizi la Swema kupitia Alpers, mkiruka mwisho kama mimi. Na kila mtakapokuta neno "alikombolewa", "alipokelewa" au "aliokotwa", rudini nyuma mstari mmoja, mahali ambapo mwandishi hakuandika kitu.